Iskandaria mwezi wa kwanza, inafaa?

korosho_daraja_la_kwanza:
Wakuu habari zenu, mimi na wife tunataka kutoka kidogo malipo ya korosho yakishaingia, tumeichagua Misri ila sio piramidi tu, tunataka ule upande wa bahari ya Mediterania, Iskandaria. Tunaanzia Mtwara mjini, Januari hivi. Hali ya hewa ikoje, na tukishatua Cairo tunafikaje? Kuogelea je?

Baharia wa Shangani:
Kuogelea sahau mkuu, huo ndo msimu wao wa baridi na mvua, mchana 18 ukibahatika, usiku inashuka mpaka 9, na bahari ikichafuka mawimbi yanaruka ukuta wa Corniche, ile barabara yao ya kandokando ya bahari, yanamwagikia magari. Beba koti la maana. Ila ningekuwa mimi ningeenda hiyohiyo Januari, maana Julai na Agosti watu wa Cairo wanakimbia joto wanahamia kule wote, ufukweni hupati pa kukaa na vyumba vinapanda bei. Maji ya kuogelea si mnayo Msanga Mkuu 😂

mama_Naliendele:
Viza malizaneni na ubalozi wao Dar kwanza, tiketi baadaye. Cairo mnapanda treni stesheni ya Ramses, kama masaa matatu, Sidi Gaber inatangulia, katikati ya mji ni Misr Station. Msiende asubuhi mkarudi jioni kama wengi wanavyofanya, laleni huko. Ngome ya Qaitbay ilijengwa miaka ya 1470 palepale uliposimama ule mnara wa taa wa kale ulioangushwa na matetemeko. Mimi lakini kilichonimaliza ni makaburi ya Kom el-Shoqafa, unashuka ngazi za kuzunguka shimo walimokuwa wanateremshia maiti, huko chini unamkuta Anubis, yule mungu wao mwenye kichwa cha mbweha, kavalishwa magwanda ya askari wa Kirumi!

Baharia wa Shangani:
Na samaki jamani. Wamepangwa kwenye barafu, unachagua mwenyewe, anapima kwa kilo, unasema wa kuchoma au kukaanga. Bei uliza kabla hajaweka kwenye mzani, aliyezoea soko la samaki la feri haibiwi. Teksi hivyohivyo, patana ukiwa nje.

korosho_daraja_la_kwanza:
Asanteni sana. Wife anauliza baibui ni lazima?

mama_Naliendele:
Sio lazima shosti, nguo ya heshima inatosha, mtandio uwe nao kwenye mkoba mkitaka kuingia msikiti wa Abu al-Abbas al-Mursi. Na raba zisizoingiza maji, sandozi ziache nyumbani.