Naomba ushauri: dizaini zangu zimeanza kufanana na za kila mtu

Habari wakuu, mimi ni dizaina wa grafiki hapa Dar, mwaka wa nane sasa, logo, mabango, kadi za harusi. Kinachonisumbua, zamani nilikuwa naanza na penseli na daftari, siku hizi kabla sijachora hata mstari nishaingia Pinterest, ule mtandao wa picha, naperuzi weee mpaka usiku unaisha, nikija kufungua Illustrator, programu ya kuchorea, mkono unarudia nilichokiona tu. Wateja nao wanatuma skrinishoti, "nifanyie kama hii", ukikataa anaenda kwa mwenye templeti za Canva, zile dizaini zilizokwisha pangwa unabadilisha maneno tu.

Wiki iliyopita nilitandaza kanga ya mama mezani nikaiangalia vizuri, pindo, mji (ile sehemu ya katikati), jina (yale maneno), vitu vitatu tu lakini kila kimoja kimekaa mahali pake na maneno unayasoma ukiwa mbali. Nikachora bango la mgahawa mmoja Ilala kwa mpangilio huohuo, pindo nene la korosho kuzunguka, sahani ya wali katikati, maneno chini yake. Mteja kafurahi mno, ila mtandaoni nikapata laiki 11, wakati bango jingine la templeti lilipata zaidi ya 300. Iliniuma kwakweli.

Mnaoishi kwa kazi hii, mnawezaje kukaa mbali na hizo picha bila kupoteza wateja? Na mtu akileta skrinishoti ya kazi ya mwenzetu mnamjibuje, maana Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999 lakini ukimtajia anaona unaringa tu.