Mjadala: Je, betri za bodaboda za umeme ziwekewe kiwango kimoja?

Mleta mada:
Tangu Januari 2025, mjini Kigali haisajiliwi pikipiki mpya ya kubeba abiria isipokuwa iwe ya umeme. Kenya haijafika huko, ingawa mwaka 2023 ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri. Mimi naunga mkono safari hii kwa moyo wote, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Pikipiki inayochajiwa Nairobi haiondoi moshi barabarani ili ukafuke kwenye mtambo wa makaa ya mawe.

Ninachotaka tujadili ni betri. Kampuni nyingi humuuzia mwendeshaji pikipiki, betri ikabaki kuwa mali yao, na kwa kuwa betri ndiyo sehemu ya bei kubwa, utaratibu huo umewafungulia mlango wengi ambao wasingeweza kununua. Chaji ikipungua, mwendeshaji huenda kituoni, huinua kiti, huchomoa betri na kuisukuma kwenye tundu tupu la kabati, kisha mlango mwingine hufunguka na kumpa iliyojaa. Nimesimama kando nikatazama saa: dakika tatu hazikutimia.

Hata hivyo, betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Kijana mmoja wa steji ya kwetu alibakiwa na asilimia 4 jioni ya mvua, abiria akiwa nyuma, mbele ya kabati lililojaa betri zenye taa za kijani, ila kabati lilikuwa la kampuni nyingine. Abiria alishuka akatafuta matatu, naye akaisukuma pikipiki hadi usiku. Mwenye pikipiki ya petroli huingia kituo chochote bila kuulizwa aliinunua wapi. Kwa nini wa umeme anyimwe haki hiyo? Serikali na iweke kiwango kimoja.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, uchungu wako nauelewa, lakini dawa yako naiogopa. Tulikwisha kuijaribu kwenye gesi ya kupikia: kanuni za mwaka 2009 zilizilazimisha kampuni kubadilishana mitungi, wajanja wakajaza mitungi ya wenzao vichochoroni, wananchi wakahatarishwa, na kanuni za mwaka 2019 zikaiondoa lazima hiyo. Ni nani atakayenunua betri nzuri akijua zitaishia kwa mshindani, naye arudishiwe zilizochoka? Isitoshe, teknolojia yenyewe bado inabadilika. Zipo betri zinazotegemea kobalti, ambayo kwa sehemu kubwa huchimbwa Kongo, na zipo za chuma na fosfati zisizo na kobalti kabisa. Tukifunga kiwango leo, huenda tukajifungia na betri ya jana.

Mleta mada:
Ahsante, ndugu yangu. Mfano wa gesi ni mzito, nami nakiri kwamba sikuufikiria. Ila mtungi hausemi ulijazwa na nani, ilhali betri hizi zina kifaa cha ndani kinachohifadhi kumbukumbu: imechajiwa mara ngapi, imepata joto kiasi gani, imebaki na uwezo upi. Kampuni zinaweza kulipana kwa kumbukumbu hiyo, na aliyechukua betri nzuri akarudisha iliyochoka akaonekana. Wala sisemi serikali ichague madini. Iamue ukubwa wa kasha, plagi, na lugha ambayo betri huzungumza na pikipiki, halafu kila mtengenezaji atie ndani anachotaka.

Naomba pia utazame upande wa mwendeshaji. Amelipa kila siku, mkopo umekwisha, pikipiki ni yake, lakini haitembei bila betri ya kampuni, na betri hiyo huweza kuzimwa kwa mbali. Kampuni ikipandisha bei ya kubadilisha, hana pa kwenda. Ikifunga vituo, amebaki na chuma kilichoegemezwa ukutani. Kama kiwango kimoja unakikataa, basi nieleze ni sheria ipi nyingine itakayomlinda siku hiyo.