rsync au Syncthing: kutoa picha studio River Road hadi nyumbani Kasarani

MpigaPicha_RR
Wadau, habari za jioni. Nina studio ndogo River Road, Nairobi, na kuhariri nahariria nyumbani Kasarani usiku. Kila jioni napanda matatu nimekumbatia diski kama mtoto mchanga. Nimechoka, nataka faili zijipeleke zenyewe. Kuna anayeniambia rsync, kuna anayeniambia Syncthing, zote programu za kunakili faili kati ya kompyuta. Nichukue ipi? Fundi anakuja Jumatatu.

NyanyaWaLinux
rsync. Iko tangu 1996, Tridgell na Mackerras waliitoa Australia, na mpaka leo sijaona cha kuishinda. Inapeleka vipande vilivyobadilika tu.

fundi_waya
Mkuu hujatuambia kitu. Windows au Linux? Gigabaiti ngapi? Kasi ya kupandisha ni ipi (ya kushusha haitusaidii hapa)? Unahariri pande zote mbili ama upande mmoja unatuma tu?

Nyanya, hiyo ya vipande inafaa faili la zamani lililoguswa kidogo. Harusi ya jana haiko Kasarani hata kipande, itasafiri yote. Na asije akaweka -z (ya kubana data njiani): JPEG na video zimeshabanwa, atachosha prosesa bure.

MpigaPicha_RR
Pole wakuu. Studio ni Windows 10, nyumbani Linux Mint, binamu alinipachikia. Harusi moja ni GB 60 hadi 80. Laini nalipia ya 20 Mbps. Ya kupandisha sijui inaangaliwa wapi.

Kijana_wa_Roysambu
Hizo ni biti. Gawanya kwa 8 upate MB 2.5 kwa sekunde, tena siku laini imeamka vizuri. GB 80 ni karibu saa tisa. Boda atakuwa amefika Kasarani, amekunywa chai na amerudi 😂

mama_seva
Kabla mtu hajamfundisha --delete (inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo kwenye chanzo), nisikizeni. Nilikuwa natunza kompyuta za ofisi fulani ya mahesabu hapo mjini. Kila saa nane usiku rsync ilinakili diski ya nje kwenda kwenye seva. Jioni moja anayefagia akasukuma meza, waya wa USB ukalegea, diski ikajitoa. Folda yake ikabaki pale pale, tupu. rsync itajuaje? Iliona chanzo hakina kitu, ikafuta upande wa pili mpaka ukafanana nacho. Asubuhi nafungua logi: "deleting", "deleting", "deleting", nateremsha ukurasa mpaka kidole kinauma. Bahati diski yenyewe ilikuwa nzima, lakini kunakili upya kulichukua siku mbili na bosi amesimama nyuma ya kiti changu. Siku hizi ndani ya diski naweka faili moja naliita NIPO. Skripti isipoliona, haianzi. Juu yake --max-delete=50, isifute zaidi ya faili 50, na kila nikibadilisha amri naijaribu kwanza na -n, inayoonyesha tu bila kugusa kitu.

NyanyaWaLinux
Hilo ni kosa la waya, si la rsync.

mama_seva
Waya haukufuta faili, Nyanya.

fundi_waya
Kwa Windows, rsync itataka WSL au Cygwin, za kuiwezesha kukimbia humo. Syncthing inaingia pande zote bila shida, ila haina seva katikati: lazima kompyuta zote mbili ziwe zimewaka kwa wakati mmoja. Stima ikipotea River Road, umelala. Tena ukifuta upande huu, na kule inafuta. Washa utunzaji wa matoleo ya zamani siku ya kwanza.

Kijana_wa_Roysambu
Mimi bado niko kwa boda.

WakiliMtandaoni
Boda akiangusha diski yenye sura za watu je? Kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Ifunge diski kwa nenosiri kwa programu ya VeraCrypt, inafunguka Windows na Linux.

Kijana_wa_Roysambu
Na kwenye matatu haiangukii mtu?

NyanyaWaLinux
Hapo kijana kasema. Mimi simu yangu ilichukuliwa nikiwa kwenye matatu pale raundabauti ya Globe, dirisha liko wazi kidole kimoja tu.

mama_seva
Nani hajaibiwa Globe? 😅 MpigaPicha, swali la fundi_waya bado: unahariri wapi?

MpigaPicha_RR
Kuhariri ni nyumbani, lakini albamu za kuchapisha kijana wangu anazipanga studio. Nimepima kupandisha: 5 Mbps. Saa tisa zile zimekuwa ngapi sasa?

Kijana_wa_Roysambu
Thelathini na sita hivi. Nikupe namba ya boda?