Mwalimu anasema Rehema "hayupo" kwenye filamu yetu, na yumo kwenye sini 6 kati ya 9

DirektaMdogo
Wakuu habari zenu. Mimi na wenzangu tumetengeneza filamu fupi ya dakika 9, kazi ya mradi. Idi, miaka 17, anaiba karatasi ya mtihani. Rafiki yake Rehema, miaka 16, anagundua. Mama yake Idi anapata habari, ugomvi unawaka nyumbani, Idi anatoroka usiku. Basi.

Sasa natakiwa niandike kurasa 3 kueleza filamu inavyoonyesha umri na jinsia, na nimekwama. Mwalimu aliangalia toleo la kwanza akaandika pembeni: "Rehema hayupo. Mama naye ni wigi tu." Hata si wigi, ni poda tulimpaka kichwani mwenzetu ili aonekane ana mvi!

Rehema ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote ukimtoa Idi. Hayupo vipi? Tena kile kipimo cha Bechdel, cha kuona kama wanawake kwenye filamu wanaongea wao kwa wao habari isiyo ya mwanamume, tunakifaulu, maana Rehema na mama wanaongea wawili tu jikoni, habari za mtihani. Nimeweka kipande cha jikoni hapa, mwenye muda atazame.

Kibonzo
Mtihani kaiba nani? Idi. Wanamjadili nani? Idi. Kipimo umefeli, mdogo wangu 😂

Bi Mkasi
Kibonzo kanichekesha, ila hapo kagusa. Kipimo hicho kilitoka kwenye katuni ya Alison Bechdel ya mwaka 1985, na mwenyewe alisema wazo ni la rafiki yake, Liz Wallace. Ulikuwa utani wenye meno: wawepo wanawake wawili, waongee wao kwa wao, na habari isiwe ya mwanamume. Kinasaidia ukipima filamu mia kwa pamoja. Kwa filamu moja ya dakika 9 hakikwambii kitu, ufaulu au ufeli, kwa hiyo usikipe zaidi ya mistari miwili.

Mimi kazi yangu ni kuhariri. Kipande chako nimekitazama nikiwa nimezima sauti, na nakuomba na wewe ufanye hivyo kabla hujaandika. Rehema anaingia jikoni: kamera inaanza kwenye viatu vyake, inapanda magotini, kiunoni, taratibu, ndipo tunaona uso. Idi anaingia mlango uleule: uso moja kwa moja. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliandika habari hizi mwaka 1975, kwamba mwanamke kwenye filamu huwekwa wa kutazamwa na mwanamume ndiye mwenye kutazama. Muulize kameramani wenu kwa nini alianzia chini. Nahisi atakwambia "ilipendeza tu". Liandike hilo jibu kwenye kurasa zako, lina thamani kuliko nadharia utakayoinukuu.

Halafu yale maneno yake mengi unayojivunia. Rehema akianza tu kusema, mhariri wenu anakata kwenda kwa Idi, na tunabaki na Idi anavyokunja uso, anavyomeza mate, anavyoangalia dirisha. Tunamsikia Rehema, tunamwona Idi akiumia. Shoti ya karibu aliyopewa msichana kwenye kipande chote ni moja, ya machozi. Hiyo ndiyo "hayupo" ya mwalimu wako. Na angalia matendo: Idi anaiba, anadanganya, anatoroka. Rehema anafanya nini? Hata kugundua hagundui, karatasi inadondoka yenyewe kutoka kwenye begi.

Tuje kwa mama, maana hapo ndipo nilipocheka kwa sauti. Mama wa kijana wa miaka 17 anaweza kuwa na miaka 37. Mvi za nini? Mgongo uliopinda wa nini? Mmemchezesha bibi. Filamu kubwa nazo hucheza na umri, ila kinyume chenu: kwenye Mean Girls ya 2004, Amy Poehler ni mama wa Rachel McAdams, na kamzidi miaka 7 tu. Kwenye Grease ya 1978, Stockard Channing alikuwa na miaka 33 akicheza mwanafunzi. Nyinyi mnacho ambacho wao hawakuwa nacho: Idi wenu ana miaka 17 kweli, ana chunusi, sauti inamkwaruza, hajui mikono aiweke wapi. Andika aya nzima juu ya hilo. Huyo mama mmoja ndiye kabebeshwa poda na makelele badala ya maisha. Angerudi kazini, hajavua hata viatu, akasoma ujumbe wa shule kwenye simu akiwa amesimama, tungejua ni mtu mzima bila mvi hata moja.

Mzee wa Engo
Jamani, si kila filamu iwe kampeni. Hadithi ni ya Idi, acheni kamera imfuate Idi.

Bi Mkasi
Kaka, nakubali hadithi ni ya Idi, na ningekuwa sina neno kama kila kitu tungekiona kwa macho yake. Lakini viatu vya Rehema vinapoonyeshwa Idi hajaingia jikoni. Anayevitazama ni nani?

Mzee wa Engo
Hapo umenishika.

DirektaMdogo
Bi Mkasi shikamoo. Nimemuuliza kameramani, kasema "ilikaa vizuri". Shoti ya uso wa Rehema tunayo, kamera haikuzimwa akiwa anaongea, tatizo sauti yake kwenye shoti hiyo ina mwangwi. Mama hatuwezi kumrudia, aliyecheza kashanyoa nywele. Na kukabidhi ni Ijumaa.

Bi Mkasi
Marahaba. Sauti mliyotumia sasa iwekeni juu ya ile shoti ya uso wake. Midomo ikipishana na maneno, rukeni kwenda mikononi mwake, nimeona anaichezea ile karatasi, ni picha nzuri na hamjaitumia. Viatu mvikate, sini ianze mlango ukifunguka. Mama mtumieni zile shoti za kutokea mgongoni kwa Idi, hapo kichwa chake kiko nje ya fremu, punguzeni kelele zibaki sentensi mbili. Poda iliyobaki kwingine iacheni na uieleze kwenye kurasa zako: mliichagua nyinyi, kwa sababu gani, na ingekuwa baba mngempaka?

Kibonzo
Baba yuko wapi kwanza?

DirektaMdogo
Yuko safarini 😅 Naona ukurasa wa tatu nimeupata.