Limeriki: jina la mji na mpangilio wa vina

Mwalimu wa Nakuru:
Hamjambo, wapenzi wa ushairi. Ninafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari hapa Nakuru, na juzi mwanafunzi wa kidato cha tatu aliniuliza kwa nini shairi la kuchekesha la mishororo mitano limepewa jina la Limerick, mji wa Ayalandi, na kama si takhmisa yetu tu, yaani shairi la Kiswahili la mishororo mitano kila ubeti, iliyovalishwa kanzu fupi. Nilimwahidi jibu, na sasa ninawaomba mnifae.

Mpenda Vina, Kisumu:
Mwalimu, Limerick ni mji ulio kando ya mto Shannon, na kaunti yake ina jina hilohilo. Maelezo yanayotajwa sana ni kwamba watu waliokutana kwa burudani walikuwa wakitunga beti za papo kwa papo kwa zamu, na baada ya kila ubeti wote huimba kiitikio cha kumwalika mtu aje Limerick. Hata hivyo, ubeti wenyewe ni mkongwe kuliko jina lake. Vitabu vya watoto vyenye beti za namna hii vilichapishwa London mwanzoni mwa miaka ya 1820, kisha Edward Lear, mchoraji Mwingereza, akazieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1846, ingawa yeye hakuziita limeriki. Jina lilishika mwishoni mwa karne hiyo. Mimi, kusema kweli, humwona Lear akichoka kabla ya kufika, kwa kuwa mara nyingi mshororo wake wa tano hurudia neno lililofunga wa kwanza, na kichekesho kikapoa.

Malenga wa Kakamega:
Nikiongezea hapo, Mwalimu, takhmisa na limeriki hukutana katika idadi ya mishororo tu. Takhmisa ya kawaida husawazisha mizani, yaani idadi ya silabi, katika mishororo yote na kuigawa katika ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), ilhali limeriki haina kina cha kati, na vina vyake hufuata mpangilio wa a-a-b-b-a, yaani mishororo wa kwanza, wa pili na wa tano ina kina kimoja, na wa tatu na wa nne ina kingine. Tena Waingereza hawahesabu silabi kama sisi, bali mapigo ya sauti: matatu katika mshororo wa kwanza, wa pili na wa tano, na mawili katika ile miwili ya katikati. Kwa kuwa mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, mapigo hayo hupatikana bila taabu, mradi kina kianzie kwenye silabi hiyo. Nimejaribu hivi:

Palikuwa na mzee wa Nakuru,
Aliyefuga jogoo na kunguru;
Jogoo alipowika,
Kunguru akaitika,
Na majirani wakadai uhuru.

Mwalimu wa Nakuru:
Ahsanteni sana. Nimehesabu mizani nikapata 12, 12, 8, 8 na 12, kwa hiyo hata mwanafunzi aliyezoea kuhesabu kwa vidole ataridhika. Ninachohofia ni swali lake lijalo: ni nani anayefuga kunguru hapa Nakuru?