Wito wa write (kuandika) kwenye bodi ya ARM hauchapi kitu, yarudisha 1187

fundi_shela: Salaam aleikum mafundi. Bodi ndogo ya ARM, ya kupimia maji kujaa na kupwa hapa gatini Shela. Nataka asembli tupu bila maktaba ya C, ichape "Maji yamejaa" na mstari mpya, baiti 13. Kwenye laptopu ya x86-64 imekubali: nimejaza rejista (visanduku vya ndani ya prosesa) rax=1, rdi=1, rsi anwani ya maneno, rdx=13, kisha `syscall`, amri ya kuiita kerneli (kiini cha mfumo). Kwenye bodi `uname -m` yasema aarch64, yaani ARM ya biti 64, nikafuata jedwali la nambari za wito la arm64: write 64, exit 93. Asembla ikakataa x8, rejista ya nambari ya wito, nikaweka r7, na r0 hadi r2, kisha `svc #0`, amri ya ARM ya kuiita kerneli. Haichapi. gdb, kifaa cha kukagua programu, yaonyesha r0 imerudi na 1187, wala si hasi, halafu Segmentation fault (programu imeanguka kwa kosa la kumbukumbu). Kosa liko wapi?

mwamba_wa_malindi: Wa aleikum salaam. Asembla kukataa x8 ndilo jibu lenyewe. `uname -m` inakuambia habari za kerneli, si za programu zako. Piga `getconf LONG_BIT`, utaona 32. Una kerneli ya biti 64 iliyobeba mfumo wa biti 32.

Prosesa ikiwa katika hali ya biti 32, kerneli hufuata jedwali la ARM la zamani, na huko 64 ni getppid, wito wa kuuliza nambari ya mzazi. Hiyo 1187 ni nambari ya gdb, mzazi wa programu yako. 93 nayo huko ni ftruncate, ya kukata faili: imeshindwa, ikarudi, na prosesa ikaendelea kutekeleza takataka zilizofuata baada ya kodi yako. Weka r7=4 kwa write, r7=1 kwa exit. Ama weka mfumo wa biti 64 mzima, utumie x8 na hizo nambari zako kama zilivyo.

Na mapema nikuonye: ukija kusoma faili la vipimo kwa pread64 (wito wa kusoma kuanzia mahali fulani ndani ya faili), nambari 180, r3 huachwa tupu. Thamani ya biti 64 lazima ianze kwenye rejista shufwa, kwa hiyo mahali pa kuanzia faili panakaa r4 na r5. Ukiweka r3, itasoma pasipo, na huenda usione kosa lolote.

kombo_biti: Mtego wa kuchanganya majedwali uko hata kwenye laptopu. Mtu akinakili `int 0x80`, njia ya biti 32 ya kuiita kerneli, kutoka kodi ya zamani akaacha rax=1, programu inazima kimya, maana kwenye jedwali la i386 (x86 ya biti 32) moja ni exit. Akirekebisha ikawa 4, na maneno yako kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya programu), anapata -14, yaani EFAULT, anwani mbaya: njia hiyo husoma biti 32 za chini tu za anwani.

Hoja ya nne ya `syscall` pia iweke r10, si rcx kama kazi za kawaida za C. `syscall` yenyewe hufuta rcx kwa kuweka anwani ya kurudia, na r11 kwa kuweka bendera (alama za hali ya prosesa). Kitanzi kinachohesabu kwa rcx hakitaisha unavyotaka.

mwamba_wa_malindi: Ndiyo, na upande wa kerneli x86 ndiyo yenye taabu zaidi. `syscall` huruka hadi anwani iliyo kwenye LSTAR, rejista maalumu ya prosesa (MSR), lakini haibadilishi steki. Kerneli huingia ikiwa bado na rsp (kielekezi cha steki) ya programu, hivyo hupiga `swapgs`, amri ya kuifikia data yake, kwanza ndipo ipate steki yake. ARM64 hubadili steki yenyewe, na rejista ESR_EL1 husema nani amebisha hodi: 0x15 ni svc ya biti 64, 0x11 ni ya biti 32. Ndivyo ulivyotambuliwa wewe. Kwenye RISC-V, aina nyingine ya prosesa, sepc (rejista ya anwani ya kurudia) hubaki kwenye `ecall`, amri ya wito ya huko, ileile. Anayeandika kerneli akisahau kuongeza 4, wito unarudiwa bila kikomo.

fundi_shela: Imechapa, r0=13. Shukran sana. La mwisho: toleo la C kwenye laptopu lasoma saa kila sekunde, mbona strace, kifaa cha kuorodhesha wito za kerneli, haionyeshi clock_gettime (ya kusoma saa) hata mara moja?

kombo_biti: Ni vDSO. Kerneli hubandika kipande chake cha kodi ndani ya kila programu, saa ikasomwa humo humo bila kuingia kerneli. Ukitaka strace iione, iite kwa `syscall(SYS_clock_gettime, ...)`.