Zawadi za mikono na mapambo ya mlango ndani ya meli ya kitalii: nitumieje kanga?

MamaZuhura (Houston)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Familia yetu ya watu wanne, sisi wazazi tuliotoka Tanga na watoto wawili waliozaliwa hapa Marekani, itasafiri kwa usiku saba katika meli ya Disney Fantasy kutoka Port Canaveral, Florida, nami nimekwisha kujiandikisha katika kundi la abiria wanaobadilishana zawadi.

Kwa ambaye hajakutana na jambo hili, nje ya kila kabini katika meli hizo kuna kishikizo kidogo cha chuma, mara nyingi chenye umbo la samaki, ambacho wahudumu hukitumia kuwaachia abiria barua na matangazo. Abiria walianza kutundika hapo mfuko mrefu wa kitambaa wenye vifuko kadhaa, kimoja kwa kila mkazi wa kabini, wakauita Fish Extender. Kampuni yenyewe haiuendeshi mpango huu. Abiria hujipanga miezi kadhaa kabla ya safari, hujigawa katika makundi ya kabini kumi hivi, hupeana orodha ya namba za kabini na umri wa watoto, kisha kila familia hupita na kuacha zawadi katika vifuko vya wenzake. Sisi tuliolelewa kwamba mlango wa mtu haukaribiwi bila hodi, imenichukua muda kuzoea wazo la kuacha kitu na kuondoka kimya kimya.

Ninayo doti moja ya kanga aliyonipa mama yangu, yenye jina lisemalo "Mgeni njoo mwenyeji apone", na natamani kuitumia kushona zawadi za kabini kumi pamoja na mfuko wetu wa kutundika. Je, ni vyema kuikata? Na mlango wenyewe niupambe kwa namna gani ili mtu akipita ajue kwamba hapa wamo watu wa Pwani?

FundiCherehani (Mombasa)

Marahaba kwa niaba ya wote, dada yangu, na mama apewe salamu zetu.

Ushauri wangu ni kwamba ile doti ya mama usiiguse na mkasi. Kanga aliyokupa mzazi ina kazi nyingine maishani mwako, na madukani zipo nyingi ambazo hazijabeba kumbukumbu ya mtu. Nunua doti mpya, ikate moja, na ya pili iache nzima, kwa sababu huenda ukahitaji kurekebisha kosa.

Kanga ya kawaida ina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi. Ukikata vipande vya sentimita 18 kwa 46 utapata vinane kwa safu na safu mbili, yaani vipande 16; kila kimoja ukikikunja katikati na kushona pande mbili kinakuwa kifuko cha kutia kalamu, miwani au vitu vya kuchezea vya mtoto. Kabini kumi zimetosha, na sita zinabaki za akiba. Ifue kanga kabla ya kuikata, maana nyingine huchuja rangi na hunywea kidogo, na si vizuri mgeni akatia kifuko pamoja na nguo nyeupe akapata hasara. Pindo likate kwa makusudi, lionekane mdomoni mwa kifuko, kwani hapo ndipo mtu atakapotambua kwamba hii ni kanga na si kitambaa chochote chenye maua.

BahariaMstaafu (Mombasa)

Nilifanya kazi ya kutunza kabini katika meli za kitalii kwa miaka kumi na mmoja, si katika kampuni hiyo, lakini mambo ya milango yanafanana sana.

Milango ya kabini ni ya chuma, na ndiyo sababu abiria hutumia sumaku. Kampuni ya Disney inaruhusu sumaku peke yake: gundi, selotepu na vibandiko vyovyote vinavyoshika rangi haviruhusiwi, wala vitu vinavyoning'inizwa juu ya ukingo wa mlango, na anayeharibu mlango anaweza kutozwa gharama. Wapo abiria wanaoona kwamba huu ni ukali usio na maana, nami nawaelewa kwa kuwa hawajaona tulichokiona sisi. Mlango wa kabini hujifunga wenyewe ili, moto ukitokea, moshi ubaki chumbani na usijae kwenye korido ambayo watu wote wataitumia kukimbilia. Safari moja mtu alitundika mfuko wa viatu juu ya mlango, ukazuia mlango usifunge vizuri, na ilinilazimu kumweleza mara tatu kabla ya kukubali kuuondoa. Tarehe 23 Machi 2006 meli ya Star Princess iliwaka moto karibu na Jamaica. Moto ulienea kwenye roshani za kabini kwa sababu vitu vilivyowekwa huko vilishika moto kwa urahisi, na abiria mmoja akafariki. Baada ya hapo kanuni za kimataifa kuhusu vifaa vya roshani zilikazwa. Sisemi haya kumtisha mtu anayetaka kupamba, bali nataka mapambo yawe mepesi, yalale bapa, yasiwe na taa za umeme, na yasifunike namba ya kabini, kwa sababu usiku wa dharura namba hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kuhusu zawadi, vyakula vilivyopikwa nyumbani viacheni. Visheti na kashata za mama ni tamu, lakini haviruhusiwi kuingizwa melini, na hujui nani katika kundi ana mzio wa karanga.

Na jambo moja ambalo halimo katika orodha ya kundi: mkumbukeni mtunza kabini wenu. Katika miaka yote hiyo nilipewa vitu vingi, ila nilivyohifadhi ni kadi tatu zilizoandikwa kwa mkono na watoto, moja ikiwa na picha yangu niliyochorwa nikiwa na mashine ya kufyonza vumbi.

Bint_Pangani (Toronto)

Mimi nimeshiriki mara mbili, dada MamaZuhura, na ningependa uepuke kosa nililolifanya mara ya kwanza, la kuandaa zawadi ya kila mtu badala ya zawadi ya kabini. Nilishona mikoba 34 na nikafika bandarini nikiwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ulizeni kwenye kundi mapema ni utaratibu upi unaofuatwa.

Zawadi iliyopendwa zaidi mara ya pili ilikuwa kialamisho cha kitabu kilichosukwa kwa ukili (msuko wa majani makavu ya mkindu), cha rangi mbili, ambacho kila kimoja kilinichukua chini ya saa moja. Niliambatanisha kadi ndogo iliyoeleza kwa Kiingereza ukili ni nini na nani alinifundisha, na siku ya nne mzee mmoja alinitafuta kwenye mgahawa ili nimwonyeshe jinsi ya kusuka. Kadi hiyo ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa kitu kizuri kisicho na maelezo huishia kwenye begi la nguo chafu. Kumbukeni tu kwamba mnaporudi Marekani mnapita forodhani, na vitu vya mimea lazima vitajwe kwenye ukaguzi. Mbegu na majani mabichi msibebe kabisa.

MamaZuhura

Ahsanteni sana. Doti ya mama imerudi sandukuni, na Zuhura ameanza kuchora kadi ya mtunza kabini ingawa bado hajui jina lake. Imebaki shida moja: nimepima lile jina kwenye kanga mpya na lina sentimita 58, ilhali mfuko wa kutundika una upana wa sentimita 30. Nilikunje, au nilikate katikati?

FundiCherehani

Usilikate, dada. "Mgeni njoo" peke yake inamwita mtu bila kumwambia kwa nini. Toa utepe mzima wenye jina, ukunje kingo zake na kuzishona, kisha uweke mlangoni kwa upana, chini ya namba ya kabini, ukiushika kwa sumaku nne za pembeni na mbili za katikati ili usilegee. Mfuko wa kutundika ushone kwa sehemu ya mji, yaani ile ya katikati ya kanga, iliyojaa maua. Atakayeleta zawadi atalisoma jina akiwa amesimama mbele ya mlango, kabla mkono haujafika kwenye kifuko.